Elfu kumi si bei ya pamba

Maneno yametufikia hadi dukani, tunapotengeneza kompyuta, kwamba sisi tunatoza watu shilingi elfu kumi kwa kupangusa kwa pamba lenzi ya draivu, kile kisehemu cha kompyuta kinachosoma sidii na dividii. Aliyeyasema ni mteja wetu, mtu mzima tunayemheshimu, na hakuyasema kwa siri. Aliyasema barazani, kwenye kahawa, na Chake Chake mji mdogo. Basi nami najibu hadharani, kwa adabu, maana lawama hii si mara ya kwanza kuisikia.

Mzee alileta laptopu. Akitia dividii, alama ya draivu anaiona, lakini akiifungua hakuna kitu. Mara nyengine mashine inamwambia atie diski, na diski imo ndani inazunguka. Akatuachia, akenda zake kusali adhuhuri. Aliporudi alimkuta kijana wetu kashika pamba ya masikio yenye tone la spiriti, anaipitisha kwenye lenzi. Akatia dividii, mafaili yote yakatoka. Mzee alichokiona ni hicho tu, dakika mbili. Akalipa kwa uso wa kukunja.

Ambalo hakuliona ni kazi ya kabla. Draivu ikija hapa tunaitilia diski zetu nne: sidii ya kiwandani, sidii ya kuchoma (yaani iliyoandikwa kwa kompyuta), dividii ya kiwandani na dividii ya kuchoma. Halafu diski ya mteja tunaitia kwenye draivu yetu ambayo tunajua ni nzima. Watu wanatucheka, wanasema tunapoteza wakati tuonekane tuna kazi. Hapana. Ndani ya draivu ya dividii mna miali miwili ya leza, mmoja wa sidii, wa nanomita 780, ambao jicho halioni, na mmoja mwekundu wa dividii, wa nanomita 650. Mmoja ukifa mwengine unaendelea. Ndiyo maana mtu anakuja na kiapo, "Wallahi draivu nzima hii, nyumbani inasoma kasida za sidii," na dividii haigusi. Na mwali ukianza kuchoka, diski ya kiwandani unaisoma bado, ya kuchoma unaikataa, kwa sababu ya kuchoma hurudisha mwanga kidogo zaidi. Ya mzee ilisoma zetu mbili za kiwandani na ikakataa za kuchoma. Hapo kuna mambo mawili, ama uchafu ama uchovu. Tukasafisha, zote nne zikasoma. Zingekataa tungemwambia mapema kwamba draivu imekwisha, asinunue maneno.

Na hiyo pamba yenyewe msiione nyepesi. Lenzi ile haikukazwa popote. Imening'inia kwenye nyaya nyembamba kama unywele, ili iweze kupanda na kushuka ikifuata diski. Ukiikandamiza inakaa upande, na ikikaa upande hakuna pamba tena. Mwaka jana alikuja kijana wa skuli kutoka Konde, lenzi ya draivu yake imelala kabisa. Kumuuliza, kasafisha kwa ncha ya kanga ya mama yake, kaifunga kidoleni na kusugua kama anasugua sufuria. Kazi ya elfu kumi ikawa draivu mpya.

Zaidi ya hao kuna wanaochokoa ndani. Kwenye draivu nyingi pana kiskrubu kidogo sana kinachopunguza na kuongeza nguvu ya mwali. Fundi mwenye haraka anakizungusha kidogo, na lo, draivu inasoma vizuri kuliko siku iliyonunuliwa. Mteja anafurahi, anasema fundi yule bingwa na tena rahisi. Tumepokea mashine ya namna hiyo: ilifanya kazi siku kama kumi, kisha kimya. Mwali umeungua. Mwenyewe akalipa kule, akalipa na kwetu, na bado akatwambia sisi ndio ghali.

Sasa nije kwenye diski, kwa sababu nyingi ya draivu zinazoletwa hapa hazina ugonjwa wowote. Mgonjwa ni diski, na mwenyewe kaiacha nyumbani. Mtu anakuja na laptopu mkononi, diski iko Wete. Nifanye nini? Nitie zangu nne, zisome, nimwambie draivu yako nzima, na yeye aondoke akiamini nimemficha kitu.

Harusi ndizo zinazoleta kesi nyingi. Ndugu wa bibi harusi mmoja alipewa dividii na mpiga picha. Kwa mpiga picha inaonekana, watu wameiangalia pale pale na vigelegele. Kufika nyumbani, diski tupu. Akaagiza draivu mpya Unguja, ikaja na boti, akaifunga mwenyewe, diski tupu vile vile. Alipoileta kwetu tuliigeuza tukaiangalia mgongo: rangi ya sehemu iliyochomwa inaonekana kabisa, imeishia robo tatu, kwa hiyo kitu kimo. Ilikuwa haijafungwa tu, yaani aliyeichoma hakuiambia mashine kwamba kuandika kumekwisha. Diski ya kuchoma isipofungwa mwishoni, mashine iliyoichoma inaijua, nyengine nyingi zinaiona kama mpya. Tukamwambia airudishe kwa mpiga picha aifunge, kazi ya dakika chache. Hatukumtoza kitu, lakini ile draivu ya boti alikuwa keshainunua.

Tena alinunua nene. Draivu nyingi za laptopu zina unene wa aina mbili, milimita 12.7 na milimita 9.5, na ile nene haiingii palipotengenezwa kwa nyembamba hata ukisoma dua. Aliiacha nje ya kava, kaishikiza kwa gundi. Tafadhali, kabla hujamwagiza mtu, pita tupime unene. Kupima unene ni bure.

Baba mmoja alinakili sidii ya maulidi kwenye flashi, nyimbo kumi na tano, akashangaa zimeingia kwa kufumba na kufumbua. Kila faili lilikuwa la kilobaiti moja, jina linaishia na cda. Yale si sauti, ni vielekezo tu vya kusema wimbo unaanza wapi. Sauti inatolewa kwa programu ya kuibadilisha, na hiyo tunaifanya. Na wanaoletewa dividii za filamu na jamaa wa Oman au Uingereza: filamu za dividii hufungiwa kwa maeneo ya dunia yenye namba, kule ni eneo namba 2, sisi na Wahindi tuko namba 5. Mafaili utayaona, filamu itagoma. Draivu inaruhusu kubadilishwa eneo mara 5, baada ya hapo inabaki palepale, kwa hiyo usibadilishe badilishe kwa kujaribu.

Kama alama ya draivu yenyewe haimo kabisa kwenye kompyuta, hapo lenzi haihusiki. Aidha waya, aidha umeme, aidha Windows. Programu za zamani za kuchomea sidii zikifutwa vibaya huacha vingizo viwili katika mipangilio ya ndani ya Windows, UpperFilters na LowerFilters, vinavyoizuia draivu isionekane. Tunavitoa, tunawasha upya, inarudi. Sitaandika njia yake hapa. Si kwa uchoyo, ni kwamba mtu wa mwisho aliyeifuata kwenye simu alifuta na vingizo vyengine vilivyo jirani, na laptopu ikaja haiwaki. Na draivu za nje, zile za kuchomeka USB, zikinguruma na kukatika, acheni waya mrefu wa kuunganisha. Umeme haufiki wa kutosha. Ichomeke moja kwa moja, na kama waya wake una vichwa viwili, tumia vyote viwili.

La mwisho ni dawa za nyumbani, na hili linaniuma. Dada mmoja aliisafisha dividii ya harusi yake kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha. Ile dawa ikiwa na asitoni inakula plastiki ya diski. Ilikuja nyeupe kama glasi yenye mvuke. Hatukutoa hata picha moja, na alikuwa hana nakala. Dawa ya meno nayo inasugua kweli, mkwaruzo mmoja inauondoa na midogo mia inaiweka. Maji safi na kitambaa laini yatosha, na upanguse kutoka katikati kwenda nje, usizungushe, kwa sababu maandishi ya diski yanakwenda kwa mzunguko. Mkwaruzo unaokata mzunguko, draivu hujaza pengo lake; unaofuata mzunguko unaondoka na sentensi nzima. Sidii ikichunika juu, upande ulioandikwa jina, hiyo msiniletee kwa matumaini. Data imo hapo hapo chini ya rangi.

Kwa hiyo bei: ukaguzi elfu tano, usafi elfu tano. Ikionekana draivu imekufa, unalipa ukaguzi tu, na ukinunua nyengine kwetu hiyo elfu tano tunaikata. Njoo na mashine, chaji yake, na ile ile diski inayokusumbua, ndani ya kasha lake, haijapanguswa na mtu. Kama ni ya harusi au ya marehemu, tuachie tuihamishe kwenye flashi siku hiyo hiyo, maana diski za kuchoma hazipendi joto wala unyevu na Pemba tuna vyote viwili. Kuhamisha ni elfu mbili kwa diski, na isiposomeka hulipi.