Baridi ya ziwani haitaki fulana ya pamba

Mhariri,

Wakazi wa Nairobi wanaokwenda Ziwa Naivasha kuendesha mashua za tanga kati ya Juni na Agosti huwahofia viboko, na wana haki, lakini baridi huisahau. Ziwa hilo liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa alasiri humrushia maji mwanamashua ambaye fulana yake ya pamba, ikishalowa, humnyang'anya joto hata vidole vikashindwa kufungua fundo la kamba. Afadhali avae sweta ya sufu, koti lisilopitisha maji na, juu yake, jaketi la kuokoa maisha. Pombe, ambayo wengi huisifu kuwa dawa ya baridi, hupanua mishipa ya ngozi na kuharakisha upotevu wa joto. Ibaki nchi kavu.

Msomaji wenu,
Nairobi