Jina langu litafichwa, leja je?

Ndugu mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo, naandika kwa simu mnivumilie.

Mimi natunza stoo ya dawa kwenye kituo cha afya cha serikali, wapi sitasema. Tangu mwezi wa 3 hesabu hazikai sawa. Leja inasema dawa mseto za malaria za watoto zipo boksi 12, nahesabu kwa mkono zipo 8, narudia, 8. Nikajua nimekosea mimi. Mwezi uliofuata amoksilini nayo hivohivo, na kwenye leja kuna mistari mwandiko sio wangu, saini naijua, ni ya mtu ambae namwamkia shikamoo kila asubuhi na ndo alienipokea nilipoanza kazi akanitafutia mpaka chumba cha kupanga.

Sasa mhariri nielewe, sijamuona mtu anaiba. Usiku kukiwa na dharura nesi wa zamu anachukua funguo anabeba dawa anakimbia wodini, kuandika ni kesho, akisahau basi pengo limebaki, kwahiyo nusu ya haya yanaweza kua uzembe tu. Halafu kuna duka pale stendi nimekuta dawa zina alama ya GOT, yaani Serikali ya Tanzania, zile za Bohari ya Dawa ambazo dukani hazitakiwi hata kuonekana, moyo ukapiga paa. Ila alama haisemi imetoka kituo gani, na namba ya bechi nimeiangalia ni ileile ya kwetu lakini si inaenda wilaya nzima? Nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Kilichoninyima usingizi ni mama mmoja alieleta mtoto wa miaka 2, anachemka, na watoto chini ya miaka 5 kwa sera hawalipii, dirishani kaambiwa dawa hakuna kanunue. Siku hiyo leja yangu inasema zipo. Akaniuliza, "mwanangu, kila tukija hakuna, hizi dawa zinaliwa na nani?" Nilikosa pa kuangalia.

Jamaa wananiambia piga 113 TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, bure, na kuna sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi ya 2015. Nimeisoma, nilitumiwa watsap. Inasema ukitoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka husika jina lako lisitajwe na usisumbuliwe kazini (gazeti sio mamlaka husika, ndo maana sitaji kituo). Sheria nzuri, ila sidhani kama alieitunga amewahi kufanya kazi sehemu yenye watumishi 11. Stoo yetu funguo ziko 2. Wakaguzi wakija wakaomba leja ya mwezi wa 3 na wa 4, wakaenda moja kwa moja kwenye shelfu ya dawa mseto, kuna haja ya kutaja jina tena hapo? Taarifa yenyewe inanitaja. Wala sitafukuzwa, ntapewa uhamisho kule mwisho wa wilaya ambako gari linaenda siku ya mnada tu, na barua itaandikwa kwa manufaa ya umma.

Kunyamaza nako hakuniokoi, pengo likikua wa kwanza kuulizwa ni mtunza stoo.

Yule karani wa Benki Kuu ya Kenya, David Munyakei, alietoa nyaraka za Goldenberg, ile kashfa ya kuchota pesa za serikali, alikamatwa 1993, kazi ikaota mbawa. Baadae akaja kupewa tuzo ya uadilifu lakini kazini hakurudishwa, akafariki 2006 akiwa na maisha magumu. Tuzo mwenye nyumba haipokei.

Ombi langu kwa TAKUKURU na halmashauri: mkipata fununu ya kituo kimoja, hesabuni vituo vyote vya tarafa hiyo wiki hiyohiyo. Hapo nani atajua nani kasema? Na dawa ikitoka usiku wasaini watu 2 palepale, maana kama mzee wangu yule hajaiba, mimi nitakua nimemchafua bure na chumba alinitafutia.

Kwa sasa nina daftari langu, tarehe, leja imesema nini, mkono umehesabu nini, linalala chini ya godoro. Jumatatu tuna kikao cha watumishi, ntauliza mbele ya wote kwanini hesabu hazikai, bila kumtaja mtu. Mke wangu hata hilo hataki.

Mtunza stoo, Kanda ya Ziwa