Yule wa pichani si Nukta

Ndugu Mhariri,

Habari mliyoitoa Jumatano iliyopita, ukurasa wa 7 pembeni, juu ya kifo cha "mfanyakazi wa zamani wa gazeti hili", nimeisoma mara nne. Tangu nistaafu miaka 13 iliyopita sijawahi kuwaandikia, hata siku mliyochapa kwamba wananchi wamejitokeza kupiga kula. Nilinyamaza. Hili siliwezi.

Picha mliyoweka si yake. Alikuwa na miaka 71, ninyi mmempa 58. Wala hakuwa mpiga chapa. Alikuwa msahihishaji prufu, ile nakala ya majaribio ya ukurasa kabla haujachapwa, na mimi nilikaa naye meza moja miaka 19.

Wengi walioko chumba cha habari leo hawakuikuta meza ile, kwa hiyo nieleze. Tulifanya kazi wawili wawili. Mmoja anashika nakala ya mwandishi na kuisoma kwa sauti, mwenzake anafuata kwenye prufu na kalamu nyekundu. Anayesoma hutamka kila kitu: herufi kubwa, mkato, fungua nukuu, funga nukuu, nukta. Yeye ndiye alikuwa msomaji. Akifika kwenye nukta aliishusha taratibu, akavuta pumzi, ndipo akaendelea. Kuanzia mkuu wa zamu hadi mama wa chai, wote tulimwita Nukta. Jina lake halisi siliandiki hapa. Mjane ameomba litoke pamoja na picha iliyo sahihi.

Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, orodha ya majina ya waliokufa iliingia kwa simu. Laini inakatika, anayepokea anaandika kwa kukisia, mtambo unasubiri, mkuu wa zamu amesimama mlangoni anatazama saa. Nukta akakataa kusaini ukurasa. Majina ya Kihaya yanayoanza na Rw yalikuwa yameandikwa kwa Lw, na Salum mmoja alikuwa amegeuzwa Salim. Akataka Mwanza ipigiwe tena na kila jina litajwe herufi kwa herufi. Mkuu wa zamu akafoka kwamba Salum na Salim ni mamoja. Nukta akamwambia ni watu wawili, na kila mmoja ana mama yake. Mimi nilikuwa nimechoka, nikamwambia, "Kaka, basi la mwisho linatuacha." Akanijibu, "Dada, aliyekufa hawezi kuja hapa kudai masahihisho." Tulisoma hadi saa nane usiku, tukalala juu ya marundo ya magazeti ya jana yake.

Sasa sikilizeni yaliyotokea siku ya hitma. Tumekaa na mjane ukumbini, wanawake mkeka mzima, kijana wa jirani akaingia na gazeti lenu, kwa nia njema kabisa, akidhani analeta faraja. Mjane akavaa miwani. Akaitazama ile picha muda mrefu, kisha akanigeukia mbele ya watu wote: "Wifi, huyu ni nani?" Sikuwa na la kumjibu. Nililikunja gazeti nikaliingiza chini ya mkeka, na mjukuu wa miaka saba akalichomoa, akawa anawauliza wageni mmoja mmoja kama wanamjua mtu huyu. Mtu aliyekesha ili Salum wa watu asigeuzwe Salim, nyumbani kwake mwenyewe mmempelekea sura ya mgeni! Hapakuwa na mtu hata mmoja wa kupiga simu? Nambari ya nyumbani kwake iko kwenye mafaili yenu. Mimi mwenyewe nipo, sijahama Magomeni.

Na hapohapo msibani nikasikia na la tanzia. Wanawe walikwenda kwenye dawati la matangazo, wakatajiwa bei kwa sentimita na safu, picha bei yake mbali. Wakaanza kukata. Wakaondoa majina ya wajukuu, wakaondoa ukoo, wakaondoa kwao Pangani, mwishowe wakaghairi. Wiki hiyohiyo mlikuwa na kurasa mbili nzima za rambirambi za makampuni kwa mkubwa mmoja, maneno yaleyale, na jina la kampuni limeandikwa kubwa kuliko la mfiwa na la maiti. Yule mkubwa mmemwita hayati. Nukta mmemwita marehemu, na hilo yeye lisingemuudhi. Alikuwa akisema hakuna neno zuri kama marehemu, aliyerehemewa, mtu atake nini tena. Mimi linaniuma.

Ninachotaka ni hiki. Masahihisho yatoke ukurasa wa 7, pembe ileile, herufi za ukubwa uleule, si kule nyuma karibu na bahati nasibu. Picha ninayo, ya mwaka 1998, yuko mezani na kalamu nyekundu sikioni. Nitaileta mwenyewe Jumatatu saa tatu asubuhi, na sitaki kumwachia mlinzi getini. Ashuke mtu wa chumba cha habari aipokee mkononi. Kabla ukurasa haujakwenda mtamboni naomba kuiona prufu yake. Nitakuja na binti yangu, yeye ashike nakala na kusoma kwa sauti, mimi nifuate. Jina la Nukta ni la majina matatu, na hilo la pili linaandikwa kwa dh, si z.

Msahihishaji mstaafu,
Magomeni, Dar es Salaam