Kabla hujanunua magodoro

Malindi, Juni

Shoga yangu,

Ujumbe wako nimeupata, na sisi huku wazima. Nimefurahi kusikia kanisa lenu hapo Mtwapa limekubali kutoa ukumbi kwa wasio na pa kulala, kama tunavyofanya sisi hapa, ila nimecheka ulivyoanza kwa kuniuliza bei ya magodoro. Magodoro mtapata. Nenda kwanza kwa majirani.

Huku kwetu chochote chenye jina la kanisa kinatazamwa kwa jicho la pembeni tangu Aprili 2023, polisi walipoanza kufukua makaburi kule msituni Shakahola. Miili zaidi ya 400, shoga, na watoto wengi mno. Watu walioambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka wafe ndipo wakutane na Yesu. Mochari ya hapa mjini ilifurika hadi likaletwa kontena la baridi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sasa fikiria jirani anachungulia dirishani saa mbili usiku, anaona watu wa kanisa wanaingiza wageni na mafurushi yao, kisha geti linafungwa. Wewe usingeita polisi?

Kwa hiyo geti letu halitiwi kufuli. Yupo bawabu, na mtu akitaka kuondoka usiku wa manane huondoka, haulizwi sababu. Tunapikia uani, mbele ya wapita njia, waone wenyewe sufuria ya maharagwe na watu wanakula. Majina huandikwa kwenye daftari, na chifu pamoja na mzee wa mtaa wanajua ni akina nani wamelala humo. Na hakuna ibada kabla ya chakula. Hili tuligombana sana. Mzee mmoja wa kanisa letu anasema hata leo kwamba aliyeshiba haombi, basi waombe kwanza. Mimi nimekataa katakata. Umnyime mtu sahani mpaka asikilize mahubiri, hapa Malindi, baada ya yale tuliyoyaona? Tena wageni wetu wengi ni Waislamu. Ramadhani tunawawekea daku, na jirani mwenye kisima hutugawia maji bomba linapokauka. Maji hayo hasa nayahesabu kuwa ushuhuda, lakini usimwambie mchungaji.

Wanaokuja msimu huu ni wahudumu na vibarua wa hoteli. Masika ikianza, Wataliano wameondoka, hoteli zinafunga, mwenye chumba anataka kodi. Hao hawakai sana. Akipata kibarua Watamu au kwa ndugu yake, amekwenda.

Wanaoninyima usingizi ni wazee. Wewe mwenyewe ni mtu wa Kilifi, unajua mvi zinavyomponza mtu huku kwetu. Mtoto akiugua, au shamba likigombaniwa, babu anaitwa mchawi, na mara nyingine anayemwita hivyo ni mwanawe anayelimezea mate hilo shamba. Alitujia mmoja, uso umekunjamana lakini nywele nyeusi ti. Asubuhi nikatandua kitanda chake nikakuta foronya imechafuka nyeusi. Kumbe alijipaka piko kuficha mvi, na jasho la usiku limeitoa. Nikafua, sikusema kitu. Jioni akanifuata mwenyewe jikoni akiuliza duka gani la karibu huuza piko, maana kipakti chake kimemwishia.

Mzee kama huyo humrudishi kwao kwa nauli ya matatu na maombi. Watamsubiri. Kule Ganze ipo Kaya Godoma, inayowapa hifadhi wazee waliokimbia tuhuma kama hizo, kwa hiyo ulizeni huko kabla hamjaanza kupatanisha watu kwa pupa. Kisha kuna suala la kitambulisho. Chake kiliungua pamoja na nyumba, na bila kitambulisho hawezi hata kuandikishwa Inua Jamii, zile shilingi 2,000 za serikali kwa mwezi za waliotimiza miaka 70. Kwenye bajeti yenu tengeni hela ya kumpeleka mtu polisi na kwenye ofisi ya vitambulisho, kwenda na kurudi, na mara nyingi ataambiwa arudi kesho. Wafadhili hupenda kununua blanketi. Nauli ya kupanga foleni hakuna anayetaka kuichangia.

Watoto walio peke yao msiwalaze humo, hata wakikulilia. Pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto, mwiteni afisa wa watoto siku hiyo hiyo. Aliyekuja na mama yake ni sawa, mpeni kona yenye pazia.

Basi ukija, usiniletee mchele, upo. Niletee vyandarua, vile vikubwa vya mraba, kwa sababu hivi vyetu vimetoboka na mbu wa baada ya mvua hawana adabu. Na mwambie shemeji asiniulize tena kama naandaa watu kwa kufunga. Mara ya kwanza nilicheka.

Mwenzio wa Malindi