Anayenunua gari la wazi aanze na mifereji ya maji

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa magari uliwashauri wasomaji wanaotaka gari dogo la wazi, yaani lile ambalo paa lake hukunjwa nyuma, watafute lenye paa la umeme, kwa hoja kwamba la kukunja kwa mkono limepitwa na wakati na linachosha. Kwa gari jipya lenye dhamana sina ubishi. Tatizo ni kwamba mengi ya magari haya huku kwetu hufika yakiwa yameshatumika Japani. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Tanzania inalipokea, ila kwa ushuru wa ziada, kwa hiyo si ajabu kukuta Dar es Salaam linauzwa la mwaka 2003. Likishafika umri huo, cha kuuliza kwanza ni maji ya mvua yanapita wapi, yaani hali ya mifereji inayoyatoa chini ya paa.

Chukua Mazda Roadster, ambayo nje ya Japani inajulikana kama MX-5. Toleo la 1989 lina vibano viwili vya kulifunga paa juu ya kioo cha mbele na dirisha la nyuma la plastiki lenye zipu. Ukiteremsha paa bila kufungua zipu na kulilaza dirisha, plastiki inajikunja, na pale ilipojikunja ndipo itakapopasuka ikishakaushwa na jua. Toleo la 1998 liliwekewa kioo, zipu ikaondoka. La 2005 na la 2015 yana kibano kimoja cha katikati. La 2015 dereva analishusha kwa mkono mmoja bila kuinuka kitini. Wanaosema la mkono linachosha wajaribu hilo kwanza. Toyota MR-S nayo ni ya mkono na ina kioo nyuma.

Paa la namna hii likiharibika unaona kilichoharibika: kitambaa, mshono, mpira wa pembeni au kibano. Dirisha la plastiki lililofifia fundi wa viti mwenye mkono mzuri analitoa na kushona jingine bila kugusa paa zima. Makosa yanayoliua ni machache na yanajulikana. La kwanza ni kulikunja likiwa limeloa, likaota ukungu ndani ya mikunjo. La pili ni kulivuta kwa upande mmoja badala ya kushika katikati, fremu ikapinda na paa lisikae tena sawa. La tatu ni kufuta vumbi la dirisha la plastiki kwa kitambaa kikavu. Mwagia maji kwanza.

Mapaa ya umeme nayo hayafanani, na hapo ndipo ushauri wenu ulipopwaya. Mazda wenyewe walitoa Roadster ya paa gumu mwaka 2006: linajikunja kwa sekunde 12 hivi, limeongeza uzito wa takriban kilo 37, na bado unafungua kibano cha mbele kwa mkono kabla ya kubonyeza swichi. Linaendeshwa kwa mota za umeme tu, halina haidroliki, yaani mafuta yanayosukumwa na pampu ili kulisogeza paa, kwa hiyo kati ya haya ya swichi silo la kuogopwa sana. Honda S2000 pia hutumia mota. Udhaifu wake mkubwa ni kitambaa kuchanika pembeni, nyuma ya viti, pale kinapokunjwa na kusuguliwa kila mara. Porsche Boxster ya kwanza ina mota inayozungusha kebo mbili, moja kila upande. Upande mmoja ukiinuka na mwingine ukabaki chini, achia swichi hapo hapo. Ukiendelea unapinda fremu.

Penye haidroliki ndipo pesa zinapotoka. Katika BMW Z4 ya 2002 hadi 2008, pampu na mota yake vimewekwa chini kabisa pembeni mwa shimo ambamo paa linalala, jirani na mfereji wa kutoa maji. Majani madogo, vumbi na nyuzi za kitambaa hugeuka tope, mfereji ukaziba, maji yakapanda hadi kwenye mota. Mvua za masika zikiisha, paa nalo limekufa. Kuifikia mota hiyo ni kazi kubwa ya kufungua paa, na anayeweka mpya mahali pale pale bila kuzibua mfereji atairudia kazi. Mafundi wanaolijua gari hili huihamishia kwenye buti. Mercedes SLK ya 1996 ina mitungi ya haidroliki inayolisukuma paa, ambayo sili zake, yaani mipira ya kuzuia mafuta yasivuje, huchoka kwa umri na joto, mafuta yakaanza kuvuja. Mtungi ukivuja si lazima ununue mwingine, unaweza kubadilishwa sili. Ila asije mtu akaongeza mafuta ya breki kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu: sili za mifumo hii ni za mafuta ya madini, na ya breki huzivimbisha na kuziharibu.

Kwa hiyo mnunuzi aende na chupa ya maji ya lita 1.5. Kwenye Roadster za zamani mifereji iko nyuma ya viti, kila upande, karibu na nguzo za mikanda. Mimina polepole, maji yadondoke chini ya gari, mbele ya gurudumu la nyuma. Yasipodondoka, inua kapeti nyuma ya viti na ulibonyeze uone kama limeloa, kisha kagua bodi chini ya mlango, kwa sababu kutu ya hapo huanzia ndani. Kuzibua tumia uzi mnene wa plastiki wa mashine ya kukatia nyasi. Upepo wa kompresa unaweza kuchomoa bomba lenyewe, na likishachomoka hujui maji yanamwagikia wapi.

Paa la swichi lishushwe na kupandishwa mara mbili, injini ikiwa inaunguruma, maana betri dhaifu huliacha katikati. Pampu ikilia bila paa kusogea, shuku mafuta yamepungua au vali. Kukiwa kimya kabisa, usikubali fundi aanze kuagiza mota. Aangalie fyuzi, kisha swichi ndogo zinazoijulisha kompyuta kila hatua, kwani moja tu ikigoma mfumo wote unasimama hata kama mota ni nzima. Kwenye SLK aangalie pia pazia la buti linalotenga mizigo na nafasi ya paa: lisipovutwa mahali pake, paa halisogei.

Na kabla ya kulipa, muuzaji akuonyeshe jinsi ya kulifunga paa hilo kwa mkono umeme ukikatika. Maelezo yamo kwenye kitabu cha gari, lakini kitabu kilichokuja nalo kutoka Japani kimeandikwa Kijapani.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam