Kuhusu lile swali lako la kihamba

Shosti wangu,

Mambo vipi huko Dar, joto vipi, foleni ya Mbezi bado inakutesa? Huku Kibosho, mlimani Kilimanjaro, ni baridi kweli kweli, mwezi wa nane huu asubuhi unatoka nje unaona pumzi yako, mlima wenyewe hatuuoni siku nzima maana wingu linashuka mpaka kwenye migomba. Meseji yako niliisoma usiku nikiwa jikoni, nikasema hapana, hii siwezi kuijibu kwa mistari miwili halafu niweke kopa, ngoja niandike barua kabisa hata kama itanichukua siku kadhaa, naandika kidogo kidogo kahawa ikituruhusu.

Umeniuliza kwa nini najichosha na kihamba, hili shamba letu la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, ambalo mwishoni atapewa mdogo wangu wa kiume. Sijakasirika kabisa, na umeuliza kwa upendo najua. Ila ngoja kwanza nikwambie huku hali ikoje sasa hivi ndo utanielewa.

Wewe ulipokuja kwetu ilikuwa Desemba, ukaona nyama choma, mbege, magari yenye watu wa Dar yamejaa mpaka njia ya kanisani, kila mtu kapendeza. Kila mtu anakijua kihamba cha Krismasi. Kihamba cha Agosti hukijui, na ndo hicho kinacholipia hiyo Krismasi.

Yaani sisi tuna mavuno mawili yanagongana. Juu huku nyumbani kahawa inaiva, na chini kwenye shamba la tambarare, upande wa Kahe, mahindi tuliyopanda mwezi wa tatu yamekauka yanasubiri watu. Baba na mdogo wangu (alichukua likizo kazini kwake Arusha, Mungu ambariki) walishuka na vibarua wakavuna, wakapukuchua kwa mashine ya kukodi, mabua wakayafunga mizigo wakapandisha na kenta kwa ajili ya ng'ombe, maana ng'ombe wetu unajua wapo bandani mwaka mzima, majani ya huku juu hayatoshi, na bila ng'ombe hakuna samadi na bila samadi hiyo migomba unayoisifia isingekuwa hivyo. Mahindi mwaka huu tumeweka yote kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani, unafunga hewa isiingie kabisa. Mwaka jana dumuzi, wale tunaowaita skania, walitumalizia magunia kwa kuyageuza unga, mama aliumia sana. Haya, mahindi yamekwisha, hayo ni ya kula, sina mengi ya kukwambia.

Kahawa sasa.

Kahawa shosti haiivi siku moja. Mvua inanyesha kwa vipindi, na maua yanatoka kwa vipindi, basi kwenye tawi moja unakuta nyekundu, ya njano na mbichi kabisa zimekaa pamoja. Unachuma nyekundu tu, moja moja, kwa vidole, mbichi unaziacha unarudi tena wiki ijayo, na tena, na tena, kuanzia Julai mpaka huko Novemba au Desemba. Ukikwanyua tawi zima ili umalize haraka umeua mambo mawili, ladha ya mwaka huu kwa sababu ya zile mbichi, na mavuno ya mwaka ujao kwa sababu unang'oa mpaka vichipukizi vya maua. Vibarua tunawalipa kwa ndoo na mtu wa kulipwa kwa ndoo anataka ndoo ijae, ndo maana lazima mtu wa nyumbani awepo pale pale anachuma nao. Huyo mtu ni mimi.

Jioni tukishateremsha ndoo bado hatujamaliza, kahawa iliyochumwa leo inamenywa leo. Kwanza unaimwaga kwenye maji, zinazoelea unazitoa pembeni, hizo ni nyepesi zina ugonjwa au wadudu, tunaanika zikauke na ganda lake ziuzwe kama buni kwa bei ndogo. Zilizozama ndo zinaingia kwenye mashine ya kumenya, ile ya kuzungusha kwa mkono, mmoja anazungusha mwingine anamimina na maji. Maji tunayapata kwenye mfongo, mfereji wetu wa asili, zamu yetu ikifika unafungua, zamu ikiisha unafunga, na ole wako upitilize, wazee wa mfongo hawana utani. Mifongo hiyo babu zetu walichimba kwa mikono kutoka huko msituni, mimi kila nikiona maji yanapita hapo nyuma ya banda nawaheshimu upya.

Halafu inavundikwa. Hapa ndo nilitaka kufika.

Kahawa ikishamenywa inabaki na ute, inateleza, unaiacha kwenye chombo ute ule uchachuke uachie. Kitabuni wanasema siku moja mpaka tatu, lakini kwenye baridi hii ya Agosti huwezi kwenda kwa kitabu wala kwa saa. Mama yangu anaamka usiku, anawasha tochi ya simu, anaingiza mkono kwenye ndoo, anazisugua punje kiganjani na kusikiliza. Zikiteleza bado. Zikikwaruza, zikatoa mlio wa kokoto, basi ni tayari na inaoshwa saa hiyo hiyo, hata kama ni saa tisa usiku. Ukichelewa inachacha kupita kiasi inanuka, na punje chache zilizonuka zinaharibu gunia zima. Nimekuwa nikiamka naye msimu huu wote. Mwanzoni nilikuwa nasugua nasikia kitu kimoja tu, ubaridi. Sasa nasikia tofauti, na juzi juzi mama hakuamka kabisa, aliniachia, asubuhi akaja akanusa akasema "sawa", akaenda kukamua. Shosti sijawahi kupewa cheti kilichonifurahisha hivyo.

Ikishaoshwa inaenda kwenye vichanja, meza za waya tumetandika neti juu. Unaipindua pindua kwa mikono, unachagua zilizovunjika, zilizomenywa vibaya, zenye doa. Jua kali la mchana unaifunika lisije likapasua lile ganda jembamba la ndani, usiku unaifunika kwa umande, na ukungu ukishuka ghafla saa nane mchana unasikia mama anaita kutoka huko aliko na wote tunakimbia na maturubai. Wiki mbili hivi, mwezi huu inaweza kuzidi, mpaka unyevu ushuke karibu na asilimia 12 ndo chama cha ushirika wanapokea. Na ujue kilo tano za kahawa mbivu zinatoa kama kilo moja tu ya ile kavu ya kupeleka chama. Sasa fikiria kilo moja hiyo imepita mikononi mwa mtu mara ngapi.

Nimeandika yote haya kwa kirefu ili uone kitu kimoja. Hebu rudi juu usome tena, kwenye kila hatua niliyoitaja yupo mama. Ameolewa hapa akiwa binti mdogo, watoto wote wamekua, kahawa ya nyumba hii haijawahi kukauka bila mikono yake. Na kadi ya chama ina jina la baba. Daftari la mizani lina jina la baba. Malipo ya awali yanaingia kwa jina la baba, na ya pili pia kahawa ikishapita mnadani hapo Moshi. Baba yangu ni mtu mwema, hela analeta nyumbani, ada zetu zililipwa na kahawa hii hii, siwezi kumsema vibaya. Lakini siku baba hayupo (Mungu amweke) mama atakuwa mgeni kwenye vichanja vyake mwenyewe, akisubiri huruma ya watoto wa kiume na baba wadogo. Hilo linaninyima usingizi kuliko kahawa.

Huku kwetu desturi unaijua, nyumba na kihamba kinachozunguka vinabaki kwa kitinda mimba wa kiume, wakubwa wanakatiwa pembeni kama ardhi ipo, na ardhi yenyewe haipo tena, kihamba chetu hakifiki ekari mbili, babu alikuwa na zaidi lakini kimekatwa kwa wanae. Mtoto wa kike anaambiwa ataolewa, atapata kwa mumewe. Baba mdogo alinambia hivyo hivyo mbele ya watu kwenye kipaimara cha binamu, kwamba nikiolewa Machame si nitahamisha kahawa ya ukoo nimpelekee mwanaume? Watu wakacheka. Nikamjibu kwa adabu kwamba mibuni haina miguu baba mdogo, itabaki hapa hapa Kibosho, swali ni nani ataichuma.

Maana kuna mibuni niliyopanda mwenyewe. Ule mteremko chini ya banda la ng'ombe, ambapo uliona mibuni mizee imekonda, tuliing'oa kwa ruhusa ya baba, tukaenda Lyamungu pale TaCRI, kituo cha utafiti wa kahawa, tukachukua miche chotara, ile inayostahimili chulebuni, ugonjwa wa kuozesha matunda ya kahawa, na kutu ya majani. Mashimo nilichimba, futi mbili kwenda chini futi mbili upana, samadi nimebeba kichwani. Ile mizee lazima uipulizie mrututu la sivyo chulebuni inaozesha kahawa ikiwa bado kijani, na dawa ni hela. Chotara mwaka huu ndo zimetoa mzigo wa maana kwa mara ya kwanza na sijapulizia chulebuni hata tone, matawi yameinama yenyewe. Baba alitembea pale na fimbo yake kimya kimya, alivyomaliza akasema babu yako angefurahi. Babu alikuwa mtu wa KNCU huyo, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, cha tangu 1933, nyumba ya bati tunayolala aliijenga kwa kahawa, kwa hiyo kwa baba hayo si maneno madogo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Sijichoshi kwenye shamba la mdogo wangu. Nafanya kazi kwenye shamba la mama yangu, na nataka ijulikane hivyo, kwa maandishi. Na mdogo wangu mwenyewe, ambaye wewe unamfikiria kama mpinzani wangu, ndo alonitia moyo. Tulikuwa chini kwenye mahindi tunakula makande akasema yeye maisha yake yako gereji Arusha, kihamba anakitaka cha kuzikwa na cha kuleta watoto Krismasi, lakini kahawa anayeijua ni dada, na kwamba Desemba ukoo ukikaa atasema hivyo mwenyewe. Nilimwangalia nikashindwa hata kumeza. Najua wazee wanaweza kumgeuza, wakikaa kwenye viti vyao na mbege mbele yao wana maneno mazito. Lakini kasema.

Ninachoomba si kihamba chote. Naomba mama awe mwanachama wa chama kwa jina lake, si kwa mgongo wa baba. Naomba baba akiwa hai bado na akili zake timamu, hati ya hakimiliki ya kimila iombwe ikiwa na jina lake na la mama pamoja. Na ule mteremko wa chotara uandikwe kwamba ni wangu kuuhudumia na kuuvuna, niolewe nisiolewe. Kama wanataka tupande masale kwenye mpaka kama desturi, tupande, mimi masale nayaheshimu, ila na karatasi iwepo.

Hapo sasa ndo unaingia wewe mwanasheria. Nakumbuka tukiwa chuo ulikuwa unanisomea ile Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwamba haki ya mwanamke kwenye ardhi ni sawa na ya mwanaume. Naitaka hiyo sehemu, kwa Kiswahili rahisi ambacho baba mdogo atakielewa na hatajisikia katukanwa. Ukurasa mmoja tu. Usiweke vitisho vya mahakama, huku ukimtajia mzee mahakama umeshampoteza, andika kama unaongea na baba yako. Na uniambie serikali ya kijiji wanataka nini na nini kwenye maombi ya hati, tuanze kukusanya kabla Desemba haijafika watu wakaanza kulewa.

Na uje shosti, usisubiri Krismasi. Njoo mwezi wa tisa, bado tutakuwa tunachuma. Panda basi la asubuhi, ukifika Moshi stendi pale pale kuna noah za Kibosho, nipigie nikutumie boda wa kwetu anayejua njia isiyo na matope. Mama atakupikia mtori wa mshare, ameshauliza mara mbili yule rafiki yako anayependa mtori yuko wapi. Uje na viatu vya kufunga na sweta nzito, na kama utapita Kariakoo niangalizie turubai kubwa mbili, huku wanaziuza bei ya ajabu msimu huu, nitakurudishia hela chama kikishalipa. Mdogo wangu anarudi likizo ya siku chache mwezi huo huo, nataka mkae wote wawili na baba, jioni, tukimaliza kumenya, mzungumze naye ukiwepo wewe. Baba anakusikiliza wewe, aliwahi kusema una sauti ya mtu mzima.

Nijibu wiki hii kama unaweza, hata voisi tu.

Wako wa Kibosho