Kwa wajukuu zangu mnaouchora Mlima Kilimanjaro

Wajukuu zangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Juzi mmoja wenu alinionyesha daftari lake la jiografia. Kauchora Kilimanjaro kama kichuguu kilichochongoka, juu kaandika "mita 5,895", basi. Kapewa vema. Mimi nisingempa.

Mlima wetu ni volkeno tatu zilizobanana: Shira magharibi, Kibo katikati, Mawenzi mashariki. Shira iliporomoka zamani sana, imebaki uwanda. Mawenzi, mita 5,149, imeguguniwa na mvua na barafu hadi ikabaki meno matupu. Bibi yangu alikuwa na maelezo yake: Mawenzi alizidi kwenda kwa Kibo kuomba kaa la moto, hata siku moja Kibo akachoka, akamtwanga kwa mchi. Mimi hadithi hiyo naipenda, ila kwenye mtihani andikeni mmomonyoko.

Kibo nayo haikuchongoka hata kidogo. Juu kuna bakuli kubwa, ndiyo kreta, na ndani yake shimo la majivu. Humo bado hufuka mvuke wenye harufu ya kiberiti, maana volkeno hii imelala, haijafa. Kilele cha Uhuru ni pale ukingo wa bakuli ulipoinuka kuliko kwingine, upande wa kusini. Wajerumani walikuwa wamekipa jina la Kaisari wao. Mwaka 1961, nchi ilipojitawala, mwanajeshi Alexander Nyirenda akausimika Mwenge pale.

Mnaniuliza kila mara: juu ni karibu na jua, mbona baridi? Jua hupasha ardhi kwanza, na ardhi ndiyo inayopasha hewa. Hewa ya juu ni nyepesi, haishiki joto. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6 hivi. Ujanani nilikuwa mpagazi. Usiku mmoja kwenye kambi ya Kibo, mita 4,700 na ushee, niliweka chupa ya maji karibu na miguu yangu. Alfajiri naitikisa, kimya. Jiwe.

Ndiyo maana kuna barafu digrii tatu tu kusini ya ikweta. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alipoandika kwamba mwaka 1848 ameona theluji huku, wasomi wa Ulaya walimcheka. Sasa barafu yenyewe inakwisha: tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 imetoweka. Inauma kuitazama. Lakini msidanganywe kwamba ndiyo inayowanywesha. Maji ya chemchemi na mifongo yetu, ile mifereji ya kumwagilia, hutokana zaidi na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, ule mkanda wa kijani ulio juu ya vihamba, mashamba yetu ya nyumbani. Kwa hiyo nikisikia kijana wangu kaingia huko kurina asali kwa moto, tutagombana kweli.

Sasa chukueni penseli upya. Amkeni kabla jua halijapanda, maana ikifika saa nne mawingu yameshaufunika. Mlio Moshi, Kibo itakuwa kushoto, Mawenzi kulia. Mlio Rombo, Mawenzi itawajaa machoni na Kibo itajificha nyuma yake. Michoro yenu haitafanana, na msinakiliane.

Nikija Jumapili nitayakagua madaftari.

Babu yenu